Shangingi jipya, tairi gani? Mambo ya kujua kabla hujagusa rimu



Tangu hizi Land Cruiser 300 zianze kuonekana mjini, kuna swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi mno: "Kaka, nimevuta mashine mpya, niweke tairi gani, na hizi rimu nizilinde vipi?" Najibu kwa simu nusu saa nzima, halafu kesho anapiga mwingine na swali lilelile. Leo nimeamua niandike mara moja. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta kiti.

Mimi siuzi tairi, wala sina gereji. Haya mambo nilianza kuyafuatilia baada ya kuponea chupuchupu.

Mjomba wangu alinunua Land Cruiser 300 mwaka 2022. Lilikuja na rimu za inchi 18 na tairi zake za kiwandani, saizi 265/65R18. Haikufika mwezi, kijana wa duka moja la rimu akamwambia, "Mzee, gari kama hili na rimu ndogo hivi? Watu watakucheka." Mjomba akaingia. Zikawekwa rimu za inchi 22 zinazong'aa mpaka unajiona uso, tairi 265/40R22. Zile za kiwandani akaziuza palepale, akaona kapunguza gharama. Kwenye dashibodi taa ya upepo wa tairi ikaanza kuwaka. Kijana akasema, "Hiyo puuza, mzee."

Desemba tukajaa watu saba ndani, mizigo juu, safari ya Moshi. Tumepita Mbwewe, saa saba mchana, jua la utosi, tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Kishindo kama bomu. Mjomba zamani aliendesha malori, hakukanyaga breki. Alishika usukani kwa mikono miwili akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Tukasimama nje ya lami, hatua chache kutoka kwenye mtaro. Nyuma bibi alikuwa anasali kwa sauti, watoto wanalia. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa.

Wakati tunatafuta jeki nikaanza kusoma maandishi kwenye ile tairi iliyochanika. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale pale ubavuni. Ile ajali ilikuwa imeandikwa miezi kabla, sisi ndio hatukuisoma. Kwa hiyo tuanze hapo.

1. SOMA UBAVU WA TAIRI KAMA UNAVYOSOMA RISITI

Chukua mfano wa 265/65R18 114V.

265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana. R maana yake nyuzi za ndani zimepita kwa mtindo wa radial, kama karibu tairi zote za magari madogo siku hizi. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

114 ndiyo namba ambayo watu wengi hawaiangalii, na ndiyo namba ya uhai. Inaonyesha uzito ambao tairi moja inaweza kubeba ikiwa na upepo wake kamili. Siyo kilo 114! Ni namba ya jedwali: 102 ni kilo 850, 106 ni kilo 950, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120, 114 ni kilo 1,180, 116 ni kilo 1,250.

Sasa piga hesabu. Land Cruiser 300 likiwa tupu lina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Likijaa watu na mizigo linafika tani tatu na robo, na ekseli ya nyuma peke yake inaweza kubeba karibu tani mbili. Maana yake kila tairi ya nyuma inabeba karibu tani moja. Tairi za mjomba ziliandikwa 106, yaani kilo 950. Saba ndani, mizigo juu, mchana wa jua... unategemea nini?

Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu ambao tairi imepimwa kuuvumilia: Q ni kilomita 160 kwa saa, S 180, T 190, H 210, V 240. Usiseme "mimi siendi 200 kwa hiyo hainihusu." Tairi ya herufi ya juu kwa kawaida imetengenezwa kuhimili joto zaidi, na joto ndilo adui yetu.

Kanuni ni hii: fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kilichopo kwenye nguzo. Kimeandika saizi na upepo. Namba ya uzito ya tairi mpya iwe sawa na ile iliyokuja na gari, au izidi. Isipungue hata kidogo, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake.

2. UBAVU MNENE NDIO MLINZI WA KWANZA WA RIMU

Watu wanauliza, "Niweke kitu gani cha kulinda rimu?" wakati wameshavua kilichokuwa kinailinda. Mlinzi wa rimu ni ule mpira ulio kati ya rimu na shimo. Angalia urefu wa ubavu:

265/65R18: sentimita 17.2
265/55R20: sentimita 14.6
265/40R22: sentimita 10.6

Saizi mbili za mwanzo zote zimetoka kiwandani kwenye Land Cruiser 300, kulingana na toleo. Kipenyo cha jumla karibu ni kilekile, sentimita 80. Ya tatu ndiyo ya mjomba. Alitupa zaidi ya sentimita sita za mpira kila gurudumu, halafu akaanza kutafuta "kinga ya rimu".

Ukiingia kwenye shimo na ubavu mfupi, mpira unabanwa katikati ya lami na chuma. Rimu inapinda au inapata ufa, na nyuzi za ndani ya tairi zinakatika. Usipoziona siku hiyo, utaziona baadaye zimetokeza kama nundu ubavuni. Nundu haina dawa, jamani. Haizibwi, haipigwi kiraka. Ile tairi imekwisha.

Kuna hasara nyingine. Tairi za mjomba zilikuwa na kipenyo cha sentimita 77 badala ya 80. Spidi mita ikawa inamdanganya, na gari likashuka chini kwa sentimita moja na nusu. Umenunua gari la kupita porini, halafu unalishusha mwenyewe.

Ushauri wangu: kama unatembea Dar tu na barabara kuu, inchi 20 ya kiwandani inatosha. Kama kila mwezi uko mikoani, kwenye rasta, mashimo na changarawe, chukua 18. Inchi 22 waachie wanaotoka Masaki kwenda Oysterbay na kurudi.

Ukitaka kushuka mpaka 17 kwa ajili ya porini, kwanza ivalishe rimu na kuizungusha. Kwenye matoleo ya juu breki ni kubwa, rimu ndogo inaweza kuzigusa.

3. UMRI: TARAKIMU NNE ZA MWISHO

Tafuta neno DOT ubavuni. Mwishoni mwa ule mstari kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Zikiwa tatu tu, hiyo tairi ni ya kabla ya mwaka 2000, kimbia!

Angalia pande zote mbili, maana mara nyingi tarehe kamili inaandikwa upande mmoja tu, na fundi anaweza kuifunga ikiangalia ndani.

Ile ya mjomba ilisomeka 1115. Wiki ya 11 ya mwaka 2015. Iliuzwa 2022 kama "mpya kabisa", na kweli haikuwahi kutembea. Ilikuwa imekaa stoo miaka saba, ikapakwa dawa ya kung'arisha, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu, na kwenye joto la stoo ya bati unazeeka haraka zaidi. Kashata kamili kama mpya, nyuzi za ndani zimechoka.

Baadhi ya watengenezaji wa magari wanashauri tairi ibadilishwe ikifika miaka sita, hata kama bado ina meno. Watengenezaji wa tairi kama Michelin wanashauri ikaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na miaka kumi iwe ndiyo mwisho wa yote, spea ikiwemo. Kwa jua letu mimi nakwenda na sita. Dukani sichukui iliyozidi miaka miwili.

4. AINA: HT, AT, MT... NA ILE YA BARAFU

HT ni ya lami. Haina kelele, inashika vizuri mvua ikinyesha, mafuta hayaendi sana. AT ni ya kuchanganya lami na vumbi, kashata yake imeachana kidogo na ubavu wake kwa kawaida ni mgumu zaidi. MT ni ya matope. Kwenye lami inapiga kelele kama trekta, na lami ikilowa haishiki vizuri. Kwa mtu mwenye shangingi la familia, chaguo ni HT au AT. Kama safari zako nyingi zinaishia kwenye vumbi, AT. MT waachie wawindaji.

Utakutana pia na tairi zilizoandikwa LT mwanzoni mwa saizi. Hizi ni za magari ya kazi. Ni ngumu, zinavumilia mawe, lakini zinahitaji upepo mwingi zaidi ili zibebe uzito uleule. Ukiziweka halafu ukajaza upepo wa kibandiko cha mlangoni, umezipunguzia uwezo. Ukizichukua, muulize muuzaji akuonyeshe jedwali la upepo la hiyo tairi. Kama hana, acha.

Na sasa sikia hili wewe unayeagiza gari Japani: soma ubavuni kama kuna neno STUDLESS. Hizo ni tairi za majira ya barafu. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike kwenye baridi kali. Kwa joto la Dodoma zinalainika, gari linayumba kwenye kona, na zinaisha upesi. Ukiona kashata nene nzuri usifurahi, soma kwanza.

Tairi nyingi zina pia maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La mwisho ndilo la joto: lina A, B na C, na A ndiyo inayovumilia zaidi. Kwa gari zito kwenye nchi ya jua, tafuta A.

5. RIMU: MATUNDU SITA SIYO MATANO

Hapa watu wanaliwa hela kila siku. Land Cruiser 200, ile tuliyozoea kuiita V8 (2007 hadi 2021), ina nati tano kila gurudumu. Land Cruiser 300 ina nati sita. Kwa hiyo rimu za V8 ya shemeji yako hazikai kwenye 300 yako, hata kama ni "original".

Rimu za Prado 150 zina matundu sita yaliyoachana sawasawa na ya 300, kwa hiyo muuzaji atakwambia zinaingia. Kweli zinaingia, lakini tundu la katikati la Prado ni milimita 106, na la 300 ni 95. Rimu haikai katikati kwa kubanwa na kitovu, inaning'inia kwenye nati tu. Ukifika 90 usukani unaanza kutetemeka, unapelekwa balansi mara tano na haiponi. Kuna pete za kujaza hiyo nafasi. Kama huna, usifunge.

Nati nazo si zote sawa. Kuna zenye kichwa cha koni na kuna zenye kitako bapa. Rimu ikibadilika, uliza nati yake ni ipi. Nati isiyo yake inaonekana imekaza, kumbe inalegea taratibu.

Baada ya kufunga rimu, nati zikazwe kwa msalaba (siyo kwa kuzunguka duara) na zimaliziwe kwa spana ya kipimo, siyo kwa ile mashine ya upepo mpaka ilie. Kipimo kipo kwenye kitabu cha gari. Ukitembea kilomita 50 mpaka 100 simama, zikazwe tena.

6. VITU VYA KULINDA RIMU VINAVYOUZWA: KIPI KINASAIDIA?

a) Tairi yenye mdomo. Baadhi ya tairi zina ukingo wa mpira uliotokeza nje ya rimu. Ukigusa ukingo wa zege wakati wa kuegesha, mpira ndio unakwaruzika. Hii ni nzuri na haina gharama ya ziada. Ukilinganisha tairi mbili zinazofanana, chukua yenye mdomo.

b) Pete za plastiki za kubandika kwenye ukingo wa rimu. Zinazuia mikwaruzo ya kuegesha, basi. Shimo hazilizuii. Zile za gundi dhaifu zinabanduka njiani, na mchanga ukiingia chini yake unakwangua rangi uliyotaka kuilinda.

c) Nati za kufuli. Hizi nazipigia kura. Nati moja kwa kila gurudumu inatosha kumchelewesha mwizi. Lakini ule ufunguo wake utunze kwenye gari mahali unapopajua, na mwambie kila anayeendesha. Nimeona mtu kakwama na pancha usiku, kila kitu anacho, ufunguo wa nati uko nyumbani kabatini! Na fundi asiufungue kwa mashine, ufunguo unavunjika, na hapo utatafutwa mchomeleaji.

d) Kufuli ya spea. Kwenye 300 spea inaning'inia chini ya gari, nyuma. Inaibika. Weka kufuli.

e) Dawa ya kimiminika ya kuziba pancha. Ni ya dharura tu, ikufikishe kwa fundi. Ukiiweka kabla "kama kinga", inaharibu balansi, na baadhi yake zinaziba kihisio cha upepo kilichopo ndani ya rimu.

f) Upepo wa naitrojeni. Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78. Haina madhara, lakini isikupe uvivu wa kupima.

g) Sabuni. Vijana wa kuosha magari wengine wanatumia tindikali kuondoa vumbi jeusi la breki. Inang'arisha leo, mwezi ujao rangi ya rimu inaanza kubabuka. Sema mapema: maji na sabuni ya kawaida, rimu ikiwa imepoa.

h) Bima. Usidhani bima kubwa inalipa kila kitu. Hati nyingi za bima hazilipi tairi iliyoharibika peke yake, mpaka gari lenyewe liwe limeumia kwenye tukio hilohilo. Soma hati yako leo, usisubiri shimo.

7. UPEPO: FUNZO LA FORD EXPLORER

Wanaosema upepo ni jambo dogo niwakumbushe kisa hiki. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuzirudisha tairi milioni 6.5 kule Marekani, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye Ford Explorer, gari la familia la juujuu kama haya yetu. Kashata ilikuwa inabanduka kwenye tairi gari likiwa kwenye mwendo, na gari linapinduka. Marekani pekee walikufa zaidi ya watu 200. Kampuni mbili zikarushiana lawama: huyu anasema tairi ilitengenezwa vibaya, yule anasema upepo uliopendekezwa na mtengenezaji wa gari, psi 26, ulikuwa mdogo mno kwa uzito ule na joto lile.

Sheria iliyopitishwa kule mwaka huohuo ndiyo iliyofanya magari madogo mapya yote Marekani yawe na kihisio cha upepo kuanzia Septemba 2007. Kwa hiyo ile taa ya dashibodi ambayo kijana alimwambia mjomba aipuuze imeandikwa kwa damu za watu. Ilikuwa inawaka kwa sababu vihisio viliuzwa pamoja na rimu za zamani. Ukibadili rimu, hamisha vihisio, au nunua vipya na visomeshwe kwenye gari.

Na usiisubiri taa yenyewe. Kwa kipimo cha Marekani inatakiwa kuwaka upepo ukipungua kwa robo nzima. Ukiisubiri umeshatembea sana na tairi legevu. Tairi legevu ubavu wake unakunjika na kunyooka maelfu ya mara, unazalisha joto, na joto ndilo linalopasua. Wengi wanadhani tairi inapasuka kwa sababu upepo ulizidi. Mara nyingi ni kinyume chake.

Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, kila wiki mbili na kabla ya kila safari. Nunua kipimo chako mwenyewe, vile vya vituo vya mafuta vingine vimechoka. Njiani mchana utakuta psi zimepanda nne au tano. Ni kawaida, USITOE. Ukitoa, jioni tairi ikipoa itabaki na upepo pungufu. Na siku ya kujaza watu na mizigo, jaza upepo wa mzigo kama kibandiko au kitabu kinavyosema.

8. SPEA, PANCHA NA MATUNZO

Hakikisha spea ni saizi kamili, sawa na zile nne. Land Cruiser 300 linaendesha magurudumu manne muda wote. Tairi moja ikiwa na kipenyo tofauti, difu zinafanya kazi isiyoisha na zinachemka. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye tairi mpya na kipara. Badilisha nne, au ukibanwa sana mbili za ekseli moja zisizopishana sana na zile za zamani, na hizo mpya ziende nyuma.

Wenye magari ya Ulaya, angalieni. Baadhi yanakuja bila spea, yana tairi za kutembea bila upepo. Hizo kwa kawaida zinakupeleka kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi 80. Sasa pima mwenyewe, kutoka katikati ya Mikumi mpaka duka lenye saizi yako ni kilomita ngapi?

Pancha inazibwa kwenye kashata tu, tundu lisizidi milimita 6, na tairi itolewe kwenye rimu izibwe kwa ndani. Ile kamba ya kuchomeka kwa nje ni ya kukufikisha. Ubavu hauzibwi.

Zungusha tairi, za mbele ziende nyuma, kila kilomita 10,000. Pima alaimenti kila ukibadili tairi au ukila shimo kubwa. Na katikati ya mifereji ya kashata kuna vijinundu vidogo, ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, tairi imekwisha. Mimi sisubiri hapo, kwa mvua za masika nabadilisha ikibaki milimita 3.

Ikipasuka ukiwa kwenye mwendo: usikanyage breki, usikate kona. Shika usukani kwa mikono miwili, gari liende moja kwa moja, achia mafuta taratibu, lipungue lenyewe, ndipo utoke pembeni. Mwambie na mkeo, na kijana wako anayejifunza. Sisi tuko hai kwa sababu hiyo tu.

9. SIKU YA KUNUNUA

Nakili haya kwenye karatasi uende nayo dukani:

- Saizi kama ya kibandiko cha mlangoni.
- Namba ya uzito isipungue ile ya kiwandani.
- Tarakimu nne za DOT, kila tairi, tano zote.
- Siyo STUDLESS. TEMPERATURE iwe A.
- Risiti iandikwe saizi na hizo tarakimu za DOT. Muuzaji akikataa kuziandika, umeshapata jibu.
- Tairi na rimu za kiwandani usiuze. Ziweke ndani, kwenye kivuli.

La mwisho. Kama shangingi lako limetoka kiwandani na tairi nzima zenye tarehe nzuri, basi tairi bora ya gari lako ni hiyo uliyonayo. Hela ya rimu za inchi 22 nunua kipimo cha upepo, spana ya kipimo na nati za kufuli, zitakazobaki zitie mafuta uende ukamsalimie bibi.

Mjomba alirudi kwenye inchi 18. Alimtafuta aliyeuziwa zile rimu zake, akazinunua tena kwa bei iliyomuuma, na tairi akaweka mpya. Kila akisimama sheli siku hizi anainama anasoma ubavu, watu wanadhani kaangusha kitu.

Nenda leo kasome tarakimu nne za tairi zako, spea ikiwemo, halafu niambie hapa chini umekuta mwaka gani. Na mafundi mliomo humu, kama kuna nilipoteleza nirekebisheni. Safari njema.